Mboga Juani, Samaki Kivulini

Samaki wafugwao tangini nyumbani mara nyingi hufa alfajiri. Mwenye nyumba huamka saa 11 na nusu kujiandaa kwenda kazini, akapita uani kuwatazama sato wake, akawakuta wote wako juu ya maji, vinywa wazi, wakitweta, na wengine tayari wamelala ubavu. Jana jioni walikuwa wakikirukia chakula. Usiku hakuna aliyewagusa. Basi nyumba nzima huanza kutafuta mchawi. Pengine chakula kilikuwa kimeoza. Pengine watoto wametia sabuni. Pengine jirani aliyekuwa akilalamikia mlio wa pampu ameamua kumaliza ubishi kwa njia yake. Ujirani wa miaka kumi huharibika kwa sababu ya samaki ishirini.

Mara nyingi jirani hana hatia. Muuaji alikuwapo kweupe tangu jana mchana, naye ni jua.

Ufugaji tunaouzungumzia hapa ni ule uitwao akuaponiki, yaani kufuga samaki na kukuza mboga kwa maji yale yale. Maji ya tangi la samaki huvutwa kwa pampu ndogo, yakapita katika kitalu cha kokoto kilichopandwa mchicha au matembele, kisha yakarudi tangini yakiwa yamesafika. Hauhitaji shamba. Wazee wetu watakumbuka miaka ya 1974 na 1975, wakati wa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, ambapo hata wafanyakazi wa mijini walihimizwa kutia jembe katika kila kipande cha ardhi kilicho wazi. Leo familia nyingi za mjini hazina kipande hicho. Zina ua wa saruji, hatua sita kwa nne, unaogombewa na kamba za nguo, ndoo za maji na jiko la mkaa. Tangi la lita 1,000 na kitalu chake huenea katika pembe ya ua kama huo, na ndiyo maana elimu hii yafaa kuandikwa katika ukurasa wa familia.

Lakini ua wa saruji una jua kali, na hapo ndipo shida inapoanzia. Mtu akisikia kwamba mtambo wake una mboga ndani yake, hudhani kwamba mtambo mzima wataka jua. Huuweka katikati ya ua, mahali palipo peupe kabisa, akaona amefanya vema.

Wakazi watatu wa mtambo mmoja

Katika mtambo huu wanaishi viumbe wa namna tatu, na kila mmoja ana shauri lake juu ya jua.

Mboga zalitaka. Mchicha na matembele huhitaji saa nne hadi sita za jua kamili kwa siku, na nyanya na pilipili huhitaji zaidi ya hapo. Juu ya hili hakuna ubishi.

Samaki hawalitaki, au tuseme hawana kazi nalo. Wako wasemao kwamba samaki ni lazima aote jua ili apate vitamini kama mtoto mchanga. Samaki wa kufugwa hupata vitamini D yake katika chakula chake. Bwawani au ziwani, jua likizidi, sato huzama chini penye ubaridi na gizagiza. Tangini, kwenye kina cha mita moja au pungufu, atazama wapi? Maji ya mtambo huu husafishwa mchana kutwa na usiku kucha, na maji yakiwa maangavu mwanga hufika hadi sakafuni.

Mkazi wa tatu haonekani kwa macho, na kwa hiyo husahauliwa. Huyu ni bakteria. Samaki hutoa amonia kwa njia ya matamvua yake na kinyesi chake, na amonia ni sumu kwake mwenyewe. Bakteria wa kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Bakteria wa kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ndiyo mbolea ya mboga. Bila hawa hakuna mtambo, kuna ndoo ya maji machafu tu. Sasa bakteria hawa huumizwa na mwanga wa jua, hasa katika majuma ya kwanza kabla hawajajenga makazi imara juu ya kokoto. Ndiyo sababu mabingwa wa kazi hii husisitiza kwamba maji katika kitalu yaishie sentimita 2 hadi 5 chini ya uso wa kokoto. Safu ile kavu ya juu ni paa la nyumba ya bakteria. Anayejaza maji hadi yakafunika kokoto zote, kwa kupenda tu kuyaona yakimetameta, amewabomolea paa lao.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Katika mtambo huu kazi imegawanywa: mboga huchumia juani, na wengine wote hukaa kivulini.

Mgawanyo huo si uvumbuzi wa juzi. Katika kisiwa cha St. Croix, Marekani ya visiwani, Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin kiliendesha mtambo mkubwa wa sato na mboga chini ya Dakta James Rakocy, kazi iliyoanza katika miaka ya 1980 na kuwa mfano wa kuigwa katika nchi nyingi. Kisiwa kile kina joto la kitropiki kama pwani yetu. Mtambo ulikuwa na matangi manne ya samaki, kila moja la lita 7,800. Mabwawa ya mboga yalikuwa wazi chini ya mbingu, lakini juu ya matangi ya samaki palijengwa paa lisilopitisha mwanga. Sababu walizozitoa zilikuwa tatu: kuzuia ukoga wa kijani usiote, kupunguza joto la maji mchana, na kuwapa samaki mwanga hafifu unaofanana na ule wa mahali walikozoea kuishi.

Maji ya kijani: rafiki bwawani, adui tangini

Hapa hapana budi tukae kidogo, maana ndipo penye kosa lenye gharama kubwa kuliko yote, na ni kosa la watu wenye maarifa, si la wajinga.

Yeyote aliyefuga perege katika bwawa la udongo amefundishwa na mabwana samaki kwamba maji mazuri ni ya kijani. Amefundishwa kutumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko: kiganja kikianza kupotea machoni maji yanapofika kiwikoni, bwawa lina afya. Ukijani huo ni mwani mdogo sana, chakula cha bure cha perege na sato, na mkulima hutia samadi kwa makusudi ili uongezeke. Mafunzo hayo ni sahihi kabisa kwa bwawa. Mtu huyo akihamia mjini, akaliona tangi lake la plastiki limegeuka kijani baada ya juma moja juani, hufurahi.

Tofauti ni hii. Bwawa la mita za mraba mia mbili lina maji mengi na samaki wachache kwa kila mita. Tangi la nyumbani lina samaki wengi katika maji kidogo. Kitabu cha Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kilichotolewa mwaka 2014 kwa ajili ya mitambo midogo, kinashauri kilo 20 za samaki zisizidishwe katika lita 1,000, na hata hicho ni kiasi kikubwa mno ukilinganisha na bwawa. Katika msongamano huo hakuna nafasi ya kukosea.

Tuufuate mwani huo kwa muda wa saa 24. Asubuhi jua linapopanda, mwani huanza kujitengenezea chakula kwa mwanga, kama jani lolote. Hufyonza hewa ya ukaa iliyomo majini na kutoa oksijeni. Ukipima oksijeni saa 9 alasiri utakuta ni tele, hata kupita kiasi, nawe utalala ukiwa umeridhika. Lakini hewa ya ukaa ndiyo iliyokuwa ikiyafanya maji yawe na uasidi kidogo. Ikipungua, kipimo cha uasidi kiitwacho pH hupanda, na pH ikipanda, amonia hubadilika tabia. Katika maji yenye joto la nyuzi 30 za Sentigredi na pH 7, katika kila sehemu mia za amonia haifiki hata moja iliyo katika umbo la sumu kali. Kwa pH 8, sehemu zilizo sumu huwa saba au nane. Kwa pH 9, kiwango ambacho maji ya kijani yaweza kukifikia alasiri, huwa zaidi ya arobaini. Kumbe amonia ni ile ile, chakula ni kile kile, samaki ni wale wale. Jua na mwani wameigeuza tu kutoka kitu cha kuvumilika kuwa kitu cha kuua.

Kisha jua hutua. Mwani hauwezi tena kutengeneza chakula, lakini unaendelea kupumua, nao ni mwingi. Sasa mwani, samaki na bakteria wote wanagombea oksijeni moja, usiku kucha, na hakuna anayeirudisha isipokuwa pampu. Kiasi cha chini kabisa hufika kabla tu ya mapambazuko. Ndipo mwenye nyumba anapoamka na kuwakuta samaki juu ya maji.

Wako wanaozima pampu usiku ili kubana umeme wa LUKU, wakidhani kwamba mchana penye jua na joto ndipo maji yanapohitaji kuzungushwa. Kama ni lazima uzime, ndugu msomaji, zima kwa muda mfupi mchana. Usiku ndipo pampu inapookoa roho.

Tukumbuke pia kwamba mwani hula mbolea ile ile iliyokusudiwa mboga. Anayeona mchicha wake umedumaa na kuwa njano huku tangi likizidi kuwa kijani, ajue kwamba mbolea anayo, ila inaliwa na asiyemkaribisha. Na ukoga ukikomaa hukatika vipande vipande ukaziba mdomo wa pampu, aghalabu siku ambayo hakuna mtu mzima nyumbani.

Joto na pumzi

Hata kama maji yangebaki maangavu, jua bado lingekuwa na madhara yake, kwa sababu ya joto. Maji ya joto hayawezi kushika oksijeni nyingi. Lita moja ya maji baridi katika nyuzi 20 hushika miligramu 9 na zaidi kidogo. Katika nyuzi 25 hushika 8 na robo. Katika nyuzi 30 hushika 7 na nusu. Katika nyuzi 35 hubaki karibu 7. Tofauti yaonekana ndogo katika karatasi. Lakini samaki ni kiumbe ambaye joto la mwili wake ni joto la maji. Maji yakipanda joto mwili wake huenda mbio zaidi, huhitaji oksijeni zaidi, na hutoa amonia zaidi, wakati ule ule ambapo oksijeni imepungua. Mahitaji yamepanda na ghala limepungua.

Sato hustawi sana kati ya nyuzi 27 na 30. Yakikaribia 36 huacha kula vizuri na huwa mwepesi wa kupata magonjwa. Pwani yetu maji yaliyo kivulini huwa katika kiwango kizuri chenyewe, bila kusaidiwa. Ni jua la moja kwa moja linaloyapandisha.

Na hapa ukubwa wa chombo una neno lake. Joto linalopandisha lita 1,000 kwa nyuzi moja hupandisha pipa la lita 200 kwa nyuzi tano. Kwa hiyo mwenye pipa, ambaye aghalabu ndiye mwenye kipato kidogo, ndiye anayehitaji kivuli zaidi kuliko mwenye tangi kubwa. Bomba jeusi la plastiki lililolazwa juu ya saruji ya moto nalo huyapasha maji kila yanapopita; lifukieni, lipakeni rangi nyeupe, au lipitisheni ukutani penye kivuli.

Umeme ukikatika saa 8 mchana mwezi wa Februari, tangi lililo juani huwa na muda mfupi sana kabla samaki hawajaanza kutweta. Lililo kivulini humpa mama wa nyumbani nafasi ya kuchota maji kwa ndoo na kuyamimina kutoka juu, tena na tena, ili yaingie hewa, mpaka umeme urudi au mwenzake afike.

Jua halikai mahali pamoja

Wengi hupima kivuli siku moja, wakaridhika kwa mwaka mzima. Mtu huweka tangi lake mwezi wa Julai penye kivuli kizuri cha ukuta, na mwezi wa Januari hushangaa kukuta ukuta ule ule hautoi kivuli. Ukuta haukusogea. Lililosogea ni jua.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya Ikweta. Mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 10 Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa, na nguzo iliyosimama wima huwa karibu haina kivuli. Kati ya Machi na Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini. Mwezi wa Juni hufika mwisho wa safari yake ya huko, na mti wa urefu wa mita moja hutupa kivuli cha sentimita 58 hivi kuelekea kusini. Kati ya Oktoba na Machi hupita upande wa kusini, na mwezi wa Desemba mti ule ule hutupa kivuli cha sentimita 30 kuelekea kaskazini.

Maana yake kwa mfugaji ni nzito kuliko inavyoonekana. Tangi lililo upande wa kusini wa nyumba hupata kivuli cha ukuta wakati wa kipupwe, ambapo halina haja nacho sana, na hukosa kivuli hicho kuanzia Novemba hadi Februari, katika joto lenyewe la kiangazi. Asiyepima ila mwezi wa Julai ataona kila kitu ni sawa.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, mahali pa kwanza pa kutazama ni upande wa mashariki wa nyumba, chini ya upenu. Hapo tangi hupata jua la asubuhi, lililo pole, na baada ya adhuhuri nyumba yenyewe hulikinga jua la magharibi, ambalo ndilo kali kwa sababu linakuja wakati hewa imekwisha kuwa ya moto. Anayelazimika kukaa upande wa magharibi asijenge paa tu. Ateremshe na pazia la makuti au jamvi kuukuu ubavuni, kwa kuwa jua la saa 10 huingia chini ya paa kama mgeni asiyebisha hodi. Kitalu cha mboga kisogezwe mbele, nje ya upenu, mpaka kinapopata jua lake. Mita moja au mbili za bomba zatosha kuwatenganisha.

Kivuli cha nini?

Makuti hayana mpinzani. Hayapitishi mwanga, hupitisha hewa, na hayashiki joto. Bati nalo lafaa, ila lisiwekwe karibu na maji. Bati lililopigwa na jua hugeuka tanuri. Liwe juu kiasi cha mtu kusimama chini yake, na upepo upite kati.

Wavu mweusi au wa kijani uuzwao kwa ajili ya vitalu vya miche huwadanganya wengi. Wavu unaozuia nusu ya jua huonekana kivuli kwa jicho la mwanadamu, lakini mwani huridhika na sehemu ndogo tu ya jua la mchana, na nusu ni karamu kwake. Wavu huo ni mzuri juu ya mboga laini kama saladi. Juu ya tangi, ukunjwe mara mbili au tatu, au uongezewe kifuniko.

Gunia la katani lafaa kwa muda. Mfuko wa sandarusi haufai hata kidogo: jua huukausha na kuukatakata, na baada ya miezi kadhaa nyuzi zake huanza kudondoka majini, samaki wakazimeza.

Matangi meupe yenye fremu ya chuma, yale yaliyokuja nchini yakiwa na kemikali au mafuta ya viwandani, hupitisha mwanga ubavuni, kwa hiyo kufunika juu peke yake hakutoshi. (Na kabla ya yote ulizeni lilibeba nini; tangi lililobeba sumu halisafishiki kwa sabuni.) Lipakeni nje rangi nyeusi kwanza, ya kuzuia mwanga, kisha nyeupe juu yake, ya kurudisha joto. Tangi jeusi la kawaida la maji huzuia mwanga vizuri lakini hunywa joto, hivyo nalo litake nguo nyeupe.

Na miti je? Mwembe una kivuli kizito, lakini hudondosha majani na maua, nayo yakiozea majini hula oksijeni. Mwarobaini una kivuli cha kupendeza, lakini majani yake yana dawa inayoua wadudu, na yakilundikana katika maji kidogo huwadhuru samaki pia. Ua la minyaa ndilo la kuogopwa zaidi. Utomvu wake hutumika kama sumu ya samaki, na tawi moja lililovunjwa na watoto likatupwa tangini laweza kuleta msiba. Afadhali kupanda kivuli chenu wenyewe: dodoki au pasheni, mizizi yake ikiwa ndani ya kitalu na mashina yake yakitambaa juu ya fito zilizopita juu ya tangi. Mmea huo hula mbolea ya samaki, na majani yake huwafunika samaki hao hao. Huchukua miezi mitatu au zaidi kufunga vizuri, kwa hiyo kifuniko cha muda kisiondolewe mapema.

Kifuniko kina faida nyingine ambazo hazina uhusiano na jua. Kunguru wa Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa. Paka nao, na kambale mwenyewe, ambaye huruka nje ya chombo usiku. Zaidi ya hao wote kuna mtoto mdogo, ambaye kina cha mita moja ni bahari kwake. Kifuniko kiwe cha kuhimili uzito wake, na kiwe na uwazi wa kupitisha hewa.

Tumesema kivuli, hatukusema giza. Sato hula kwa kutumia macho, naye ahitaji kuujua usiku na mchana. Chini ya makuti panapoonekana mkono bila kuonekana ukoga, pametosha. Akifungiwa gizani kabisa, kisha kifuniko kikanyanyuliwa ghafla juani, hushtuka na kujigonga ukutani. Kambale ni shauri jingine. Huyu ni mnyama wa gizani hasa, atafutaye chakula kwa sharubu zake, na watafiti wa Afrika Kusini walionyesha mwaka 1992 kwamba vifaranga wake hukua vema na hugombana kidogo mwanga unapokuwa hafifu na penye mahali pa kujificha. Mwenye kambale aweza kufunika karibu tangi zima bila wasiwasi.

Haya yote yamewahusu wakazi wa pwani na wa sehemu za joto. Msomaji wa Njombe, Mbeya au Arusha asiyaige kama yalivyo. Huko maji ya tangi mwezi wa Julai yaweza kushuka chini ya nyuzi 20, na sato huacha kukua. Yakishuka zaidi huacha kula kabisa. Huko jua ni kuni za bure. Tangi jeusi lisipakwe nyeupe, nalo liwekwe mahali ambapo jua litaupiga ubavu wake tangu asubuhi. Hata hivyo uso wa maji ufunikwe kule kule baridini, maana mwani haubagui mkoa, na kifuniko hicho hicho huyazuia maji yasipoteze joto usiku.

Ikiwa maji yamekwisha kuwa kijani

Huenda msomaji amefika hapa akiwa tayari ameinuka kwenda kulifunika tangi lake. Angoje kidogo. Ukilifunika kabisa kwa siku moja tangi lililojaa mwani, mwani wote hufa kwa pamoja. Mwani uliokufa huoza. Kuoza hula oksijeni na kutoa amonia, na asubuhi ya pili au ya tatu utawakuta samaki katika hali ile ile tuliyoanza nayo, au mbaya kuliko hiyo. Dawa imeua kuliko ugonjwa.

Fanyeni polepole. Siku ya kwanza funika theluthi moja ya uso wa maji, upande wa magharibi. Punguzeni chakula cha samaki kwa nusu. Kila siku toeni robo ya maji na kutia mapya, na yale ya kijani mliyoyatoa myamwagie miche au mgomba, kwani ni mbolea nzuri. Baada ya siku tatu funikeni theluthi ya pili, na baada ya siku tatu nyingine malizieni. Wakati wote huo pampu isizimwe usiku. Mkiwakuta samaki wanatweta, acheni kabisa kuwalisha siku hiyo, mimineni maji kwa ndoo kutoka juu, na msitie barafu. Badiliko la ghafla la joto huua upesi kuliko joto lenyewe.

Kipimajoto cha maji ni kitu kidogo. Kitundikeni ndani ya tangi, na mtoto anayesoma darasa la nne au la tano apewe kazi ya kuandika daftarini nyuzi za saa 12 asubuhi na za saa 9 alasiri. Tofauti ikizidi nyuzi tatu au nne siku baada ya siku, kivuli chenu kina tundu mahali fulani, na mtoto huyo ndiye atakayeligundua kwa kukaa uani saa 9 na kutazama mwanga unaingilia wapi.

Limebaki pipa moja tu katika ua ambalo lastahili jua kamili. Hilo ni pipa la maji mapya. Maji ya bomba huwa na klorini, nayo huwadhuru samaki na kuwaua bakteria. Yasitiwe tangini moja kwa moja kutoka bombani. Yachoteni katika pipa lililo wazi, yapigwe na jua mchana kutwa, na siku ya pili, jua linapotua, klorini nyingi itakuwa imekwisha kutoka. Pipa hilo lifunikwe kwa kitambaa cha wavu mwepesi unaopitisha mwanga, kwa sababu halina samaki wa kula viluwiluwi vya mbu.